Muscat: uliza kabla ya kuinua simu

Nilipokwenda Oman mara ya kwanza nilijiambia Kiswahili kitanitosha. Muscat ina familia nyingi zilizotoka Zanzibar, nikajiona naenda kwa ndugu. Na kweli, katika soko la Muttrah, nikiwa naongea kwa simu na dada yangu aliye Mwanza, mama mmoja aliyekuwa akichagua ubani akageuka: "Umetoka Bara?" Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kana kwamba tumeachana jana. Kwa furaha nikainua simu nimpige picha.

Akajifunika uso kwa ushungi. "Mwanangu, si ungeniuliza kwanza?"

Hakufoka, na ndiyo maana iliniingia. Lugha moja haikunipa ruhusa ya sura yake. Nilimwomba radhi palepale, naye akanialika kwake.

Nyumbani kwa watu, vua viatu mlangoni, halafu tazama wenyeji wanafanya nini. Kahawa, chungu na yenye iliki, huja na tende au halua, kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono. Kipokee kwa mkono wa kulia, na cha kwanza usikikatae. Ukikirudisha hivi hivi utamiminiwa tena. Ukitosheka, kitikise kidogo ndipo ukirudishe. Mwanamume akisalimiana na mwanamke asubiri mwanamke atoe mkono kwanza. Asipoutoa, kiganja kifuani kinatosha.

Mimi ni Mkristo, lakini nilitamani sana kuuona Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001. Wasio Waislamu huingia Jumamosi hadi Alhamisi, saa mbili hadi saa tano asubuhi. Mwanamke afunike nywele, mikono mpaka kwenye vifundo, na miguu pia. Mtandio mwepesi unaoonyesha nywele haufai. Ndani kuna zulia moja la mita 70 kwa 60, lililofumwa kwa mkono na mafundi wa Iran. Wageni hupita juu ya njia iliyotandikwa, basi usiiache ili upate picha nzuri.

Ukienda Ramadhani, usile, usinywe wala kuvuta sigara hadharani mchana. Sheria inamhusu kila mtu, hata asiyefunga.

Siku ya kuondoka nilikwenda kumuaga yule mama. Akajitengeneza ushungi, akaketi vizuri. "Haya, sasa nipige. Lakini usiniweke mtandaoni."

Picha ninayo kwenye simu. Hapa hamtaiona.