Kabla Hujapokea Finjani ya Kwanza Oman

Nimekulia Tanga, barazani kwa wanywa kahawa. Kwa hiyo nilipokwenda Oman kufanya kazi, kahawa ndilo jambo nililodhani sina la kufundishwa. Mwenzangu wa kazini akanialika kwao Nizwa, Ijumaa baada ya sala. Dele lile lile la kahawa, vikombe vile vile visivyo na mkono, tende kwenye sinia. Nikajiona niko nyumbani.

Nikanywa, nikarudisha kikombe kama ninavyomrudishia muuza kahawa wetu. Kijana wa nyumba akamimina tena. Nikarudisha, akamimina. Kufika cha sita moyo ulikuwa unanienda mbio, na kusema basi naona haya, nisije nikaonekana nimewadharau. Mzee mmoja aliyezaliwa Unguja akaniinamia taratibu: "Mwanangu, kitikise." Nikakitikisa kulia na kushoto, kijana akakipokea, akapita.

Ndiyo maana naandika haya, hasa kwako wewe wa mwambao unayekwenda kule kwa kazi au kutembelea jamaa. Vitu vinafanana mno na vya kwetu, na huko kufanana ndiko kunakotupoteza. Mwenyeji hakuulizi kama umetosheka, maana kuuliza ni kama kukuhesabia. Ataendelea kumimina mpaka kikombe chako kimjibu.

Cha kwanza usikikatae. Desturi ni kunywa angalau kimoja na kutozidi vitatu. Pokea kwa mkono wa kulia, hata ukiwa mtu wa shoto. Anayemimina naye hushika dele kwa kushoto ili kikombe akupe kwa kulia. Huanza kwa mkubwa wa umri au wa heshima, basi usinyooshe mkono mapema. Na usivunjike moyo ukiona umetiliwa robo tu ya finjani. Atakurudia, na kila akirudi kahawa ni ya moto, inanukia iliki. Mimi naipenda sana desturi hii, na nilifurahi kujua kwamba mwaka 2015 UNESCO iliiingiza kahawa ya Kiarabu kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika, kwa maombi ya Oman pamoja na Saudi Arabia, Qatar na Falme za Kiarabu.

Halua nayo ichote kidogo kidogo, kwa mkono huo huo wa kulia.

Lakini lililoniuma zaidi ya kahawa ni chetezo cha udi. Kwetu mama alikuwa akifukiza udi kabla wageni hawajafika, nyumba ipate kunukia. Kwa hiyo chetezo kilipozungushwa pale Nizwa, nikajua sasa mazungumzo ndiyo yanaanza, nikajiweka sawa kwenye zulia. Kumbe kule, baada ya udi hakuna kukaa. Nilikaa karibu saa nzima zaidi, na hakuna hata mmoja aliyenionyesha uso wa kuchoka. Yule mzee ndiye aliyenieleza, tukiwa tayari njiani kurudi Maskati.

Siku hizi chetezo kikinifikia nafukiza kanzu na mikono, nampitishia wa pembeni yangu, kisha nasimama kuaga. Mwenyeji atakwambia bado mapema, kaa kidogo. Mshukuru, muombee baraka nyumba yake, uvae viatu.