Kupanga Timu ya Fantasi kwa Hesabu: Mwalimu Anajibu Maswali Yenu

Barua nyingi zinazoifikia safu hii siku hizi hazihusu tena hesabu za mitihani bali mchezo wa fantasi wa Ligi Kuu ya Uingereza, yaani ule wa kuunda kikosi cha wachezaji 15 kwa bajeti ya milioni 100, bila kuzidi wachezaji watatu wa klabu moja, kisha kuvuna pointi kutokana na wanachokifanya wachezaji hao katika mechi halisi. Nimechagua barua nne na kuzifupisha.

Mwalimu, nacheza fantasi msimu wa tatu sasa katika ligi yetu ya ofisini yenye watu 12. Kila Jumatatu hutazama nani amefunga mwishoni mwa juma, nikamsajili, hata ikibidi kukatwa pointi 4 kwa usajili wa ziada. Msimu uliopita nilimaliza wa tisa. Bingwa ni shemeji yangu, ambaye hata mpira haangalii sana, na husema yeye anatazama takwimu tu. Mtu asiye na fedha za kulipia programu aanzie wapi? (Msomaji, Morogoro)

Ndugu msomaji, wewe pia unatumia takwimu, ila umechagua iliyo dhaifu kuliko zote, nayo ni mabao ya juma lililopita. Hebu tuwachukue washambuliaji 20 wenye uwezo ulio sawa kabisa, na tuseme kila mmoja amepiga mashuti 15 katika mechi sita, huku kila shuti likiwa na uwezekano wa asilimia 12 wa kuingia wavuni. Kwa wastani kila mmoja angekuwa na mabao 1.8. Lakini ukiiachia bahati ifanye kazi yake, utakuta takriban watatu kati yao hawana hata bao moja, na wawili wana mabao manne au zaidi. Hao wawili watasifiwa redioni asubuhi hadi jioni, nawe utamsajili mmoja wao kwa kukatwa pointi. Wale watatu wataitwa butu na kuuzwa na kila mtu, ilhali raundi ya saba ikianza wote 20 wana nafasi ileile ya kufunga. Msimu wako wa nafasi ya tisa umejaa usajili wa namna hiyo, naamini, na ukirudi kwenye orodha yako ya uhamisho utawaona kwa majina.

Ndiyo sababu wenye kupiga hesabu hutazama ubora wa nafasi alizopata mchezaji kabla ya kutazama mabao. Kipimo chao ni mabao tarajiwa: kila shuti hupewa thamani kati ya 0 na 1, kwa kulinganishwa na maelfu ya mashuti ya zamani yaliyopigwa kutoka mahali kama hapo na kwa namna kama hiyo. Penalti hupewa karibu 0.78, na shuti la kubahatisha kutoka mita 30 hupewa thamani ndogo mno. Huhitaji kulipia chochote, kwa kuwa mchezo wenyewe umekuwa ukionyesha takwimu hizo kwa kila mchezaji tangu msimu wa 2022/23.

Hata hivyo, kabla ya mabao tarajiwa andika dakika. Mchezaji anayefikisha dakika 60 hupata pointi 2 hata asipogusa mpira, anayeingia mwishoni hupata 1, na anayekaa benchi hapati kitu, hata awe hodari kiasi gani. Chukua daftari, au Excel ukiwa nayo ofisini, na kwa kila mchezaji unayemfikiria andika dakika alizocheza katika mechi sita zilizopita, mabao tarajiwa na pasi za mabao tarajiwa kwa kila dakika 90, na kama ndiye mpigaji wa penalti wa timu yake. Safu ya mwisho ndiyo wengi huisahau. Cole Palmer alipohamia Chelsea mwaka 2023, bei yake katika mchezo ilikuwa ya kiungo wa kujazia benchi. Mwanzoni mwa Oktoba, ugenini Burnley, ndiye aliyeuchukua mpira ilipopatikana penalti, akafunga. Aliyekuwa na daftari aliliona badiliko hilo siku ileile: kijana aliyeanza kupangwa, tena bei nafuu, sasa anapiga na penalti. Alimaliza msimu akiwa na mabao 22, tisa yakiwa ya penalti, na pointi 244.

Kuhusu zile pointi 4 unazokatwa, zifanyie hesabu ya duka. Ikiwa unayemtoa anatarajiwa kuleta pointi 3.5 kwa raundi na unayemwingiza 5, faida ni pointi 1.5, hivyo utahitaji karibu raundi tatu kurudisha ulichotoa kabla ya kuanza kupata chochote. Uhamisho wa bure unaweza kulimbikizwa hadi mitano tangu msimu wa 2024/25, na mtu anayeacha raundi mbili zipite bila kugusa timu yake hajazembea.

Neno la tahadhari tu: mabao tarajiwa hayamjui anayepiga shuti. Wapo wachache, kama Son Heung-min alipokuwa Tottenham, waliofunga zaidi ya kipimo hicho mwaka baada ya mwaka. Ila usimpe heshima hiyo kila aliyefunga mawili Jumamosi.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Fedha zangu huishia kwa washambuliaji, kisha nabaki na mabeki wa bei rahisi wa timu zinazofungwa ovyo. Kaka yangu ananicheka. Je, kuna njia ya kujua beki wa bei kubwa ana thamani kiasi gani kumzidi wa bei ndogo? (Msomaji, Mombasa)

Marahaba, mwanangu. Njia ipo, na wewe unayesoma chuo utaifurahia. Kwanza kadiria mabao ambayo timu itafungwa. Tuseme timu A huruhusu mabao tarajiwa 1.2 kwa mechi, mpinzani wake hutengeneza 1.0, na wastani wa ligi ni 1.5 kwa timu. Zidisha 1.2 kwa 1.0, gawanya kwa 1.5, utapata 0.8. Sasa bonyeza kwenye kikokotoo namba *e* (karibu 2.718) yenye kipeo cha hasi 0.8, jibu ni 0.45, yaani uwezekano wa asilimia 45 kwamba timu A haitafungwa. Beki aliyecheza dakika 60 bila timu yake kufungwa hupata pointi 4, kwa hiyo thamani ya kipengele hicho ni pointi 1.8 kwa mechi. Fanya hivyohivyo kwa timu B inayotarajiwa kufungwa 1.6, na utapata asilimia 20, sawa na pointi 0.8. Ongeza kwamba beki hupoteza pointi 1 kwa kila mabao mawili anayofungwa, adhabu ambayo humgharimu beki wa timu B zaidi ya mwenzake kwa takriban theluthi moja ya pointi. Tofauti yao yote, basi, ni kama pointi 1.3 kwa mechi.

Hapo zamani ningekwambia kaka yako ana haki ya kucheka. Lakini kuanzia msimu wa 2025/26 beki anayefikisha jumla ya matendo 10 ya ulinzi katika mechi moja, yaani kuondosha hatari, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kukaba kwa kupokonya mpira, hupata pointi 2. Timu inayoshambuliwa muda wote humpa beki wake wa kati kazi hiyo bila kuombwa. Akifikisha 10 katika nusu ya mechi zake, amejipatia pointi 1 kwa mechi kwa wastani, na pengo na yule wa bei kubwa, ambaye timu yake inamiliki mpira na yeye anatembea tu, limekaribia kuzibika. Kwa hiyo usitafute beki yeyote wa bei rahisi. Tafuta beki wa kati, anayecheza dakika zote 90, wa timu inayojilinda kwa kina. Beki wa pembeni wa timu dhaifu, asiyepiga hata krosi, muuze leo.

Mwalimu, zimebaki raundi nane na nipo nyuma ya kiongozi wa ligi yetu kwa pointi 60. Sisi sote huweka nahodha yuleyule. Nikiendelea hivi sitamfikia kamwe. Nikimbadilisha naogopa kuachwa zaidi. Nifanye nini? (Msomaji, Kisumu)

Umeliona jambo ambalo wengi hawalioni: pointi za nahodha ambaye kila mtu anaye hazikusogezi popote. Pointi za nahodha huzidishwa mara mbili. Akipata 12, wewe unaandikiwa 24 na kiongozi wenu 24, pengo ni lilelile 60. Aliye mbele afurahie kufanana na wanaomfuata. Wewe unahitaji tofauti, ila tofauti yenye hesabu.

Linganisha makadirio ya wachezaji wawili bora kwako. Kama nahodha wa wote anatarajiwa pointi 6.5 na mwingine 6.0, hasara ya kumchagua wa pili ni nusu pointi, bei ndogo kwa mtu aliye nyuma kwa 60. Kama ni 9 kwa 5, usijaribu. Katika msimu wa 2024/25 Mohamed Salah alifunga mabao 29, akatoa pasi 18 za mabao na kuvuna pointi 344, karibu 9 kwa kila mechi kabla ya kuzidishwa. Waliojitia ujanja wa kumkwepa kama nahodha kila juma walijuta, nami nilikuwa miongoni mwao kwa raundi mbili ambazo nisingependa kuzikumbuka. Turufu ulizobakisha, yaani zile nafasi maalumu za kuongeza pointi, hasa ile ya kuzidisha nahodha mara tatu, zitumie pale mchezaji wako ana mechi mbili katika raundi moja, kwa kuwa hapo ndipo dakika zinapoongezeka kwa hakika.

Nasajili Jumapili usiku kabla bei za wachezaji hazijapanda, lakini mara mbili mchezaji niliyemnunua ameumia mazoezini kabla ya mechi. Nikijaribu kusubiri, nasahau muda wa mwisho. Aprili iliyopita nilichelewa kwa saa nzima. (Msomaji, Muscat)

Bei hupanda kwa milioni 0.1, na ukiuza hupewa nusu tu ya faida, ikishushwa hadi 0.1 kamili. Uliyemnunua kwa 7.0 akafika 7.3 utamuuza 7.1. Kwa faida hiyo unanunua mchezaji siku nne kabla hujasikia kocha akisema nani ni mgonjwa, na makocha wengi husema hayo siku moja au mbili kabla ya mechi. Subiri hadi wawe wamezungumza.

Kuhusu muda, usajili hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi. Mechi ya Jumamosi inayoanza saa sita na nusu mchana kwa saa za Uingereza hukufungia mlango Muscat saa tisa alasiri wakati wa baridi. Jumapili ya mwisho ya Machi Waingereza husogeza saa zao mbele, na kuanzia hapo mlango huohuo hufungwa kwako saa nane mchana, na kwetu Afrika Mashariki saa saba badala ya saa nane. Saa yako ya ukutani haikukosea ile Aprili. Weka kikumbusho katika kalenda ya simu kwa saa za London, nacho kitajisogeza chenyewe.