Siku 26, Baada ya Miaka Mitatu

Katika toleo la wiki iliyopita mliuliza iwapo kubanwa na tarehe ya mwisho humsaidia mwandishi wa riwaya au humharibia kazi. Nimelirudia swali hilo mara kadhaa, kwa kuwa niliishi nalo kwa karibu mwaka mzima, na jibu langu ni kwamba inategemea tarehe hiyo imemkuta wapi. Ikimkuta ana hadithi iliyokwisha kuiva kichwani, itamlazimisha aitoe, na mara nyingi ataitoa vizuri. Ikimkuta bado anatafuta, atashika chochote kilicho karibu na mkono wake, na msomaji atatambua.

Wanaotetea shinikizo hupenda kumtaja Fyodor Dostoevsky, mwandishi wa riwaya wa Urusi wa karne ya 19, nami nakubali kuwa ni mfano mzuri, ila wengi huusimulia nusu. Katika kiangazi cha 1865, akiwa amezongwa na madeni, alitia saini mkataba na mchapishaji wa St. Petersburg aliyeitwa Stellovsky kwa ruble 3,000. Asipokabidhi riwaya mpya kufikia tarehe 1 Novemba 1866, mchapishaji huyo angekuwa na haki ya kuchapisha kazi zake kwa miaka 9 bila kumlipa chochote. Oktoba iliingia riwaya hiyo ikiwa haijaanzwa. Rafiki zake walipendekeza wagawane sura, kila mmoja aandike yake, naye akakataa kutia jina lake kwenye kazi ya watu wengine. Ndipo alipoletewa Anna Snitkina, binti wa miaka 20 aliyesomea hatimkato, na kuanzia tarehe 4 Oktoba kazi ikapata utaratibu: usiku Dostoevsky aliandaa maelezo yake, mchana alisema na Anna akanukuu, jioni Anna alirudi kwao kuyaandika kwa herufi za kawaida, na kesho yake mwandishi aliyasahihisha. Kwa siku 26 riwaya ya mcheza kamari ikakamilika. Stellovsky hakupatikana mjini siku ya kukabidhi, kwa hiyo muswada ulipelekwa kituo cha polisi na stakabadhi ikachukuliwa.

Wasimulizi wengi huishia hapo. Lakini mnamo Septemba 1863, miaka mitatu kabla, Dostoevsky alikuwa amekwisha kumwandikia rafiki yake Strakhov barua kutoka Roma akimweleza hadithi hiyo hiyo ya Mrusi aliye ugenini ambaye nguvu zake zote zimemezwa na kamari. Na katika miaka hiyo yeye mwenyewe aliketi kwenye meza za kamari za Wiesbaden na kupoteza fedha zake. Siku 26 zilikuwa za kuvuna tu. Kisha tazama alivyoishughulikia riwaya kubwa aliyokuwa akiiandika katika kipindi hicho hicho, ile ya mwanafunzi aliyemuua bibi kizee mkopesha fedha. Mwishoni mwa Novemba 1865 alikuwa na sehemu kubwa ya muswada mkononi, akauchoma na kuanza upya kwa umbo jingine, na dhiki ya fedha ikiwa pale pale. Kwa maoni yangu, nafasi hiyo ya kuchoma ndiyo inayozitenganisha kazi hizo mbili. Riwaya ya kamari ina kasi na ukali, lakini baadhi ya watu wake hupita kama abiria. Katika ile nyingine, hata mlevi unayekutana naye kilabuni hukaa nawe kwa miaka.

Yaliyonipata mimi ni madogo, lakini nayajua kwa undani. Katika miaka ya tisini niliandika hadithi ya kuendelea kwa ajili ya gazeti moja la wiki la Dar es Salaam, hali nikiishi Morogoro. Kila Jumatano nilitakiwa niwe nimepeleka maneno 1,200, yameandikwa kwa mkono upande mmoja wa karatasi, ndani ya bahasha niliyomkabidhi kondakta wa basi la saa kumi na mbili asubuhi. Sehemu ya sita niliimalizia kwenye benchi la stendi huku injini ikiunguruma, na hadi leo sijaandika ukurasa unaoupita ule: kisima cha kijijini kwa bibi yangu, kamba ya katani iliyochakaa pale inaposuguana na ukingo, na wanawake wawili wakipokezana ndoo bila kusemeshana kwa sababu ya mahari ambayo haijarudishwa. Basi lilinilazimisha niandike haraka, lakini kisima hicho nilikuwa nimekitazama tangu nina miaka saba.

Sehemu ya 17 ilikuwa tofauti. Rehema, muuguzi aliyemkimbia mumewe, alikuwa njiani kurudi Iringa, nami nilipaswa kuamua kama angemsamehe. Sikujua. Umeme ulikatika, nikaandika kwa mwanga wa chemli, na ilipofika saa nane za usiku nikalipindua basi lake kwenye mlima Kitonga. Gazeti lilifurahi, kwa sababu barua za masikitiko zilikuja nyingi. Wiki mbili baadaye, mama mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua pale stendi, ambaye kijana wake humsomea gazeti, alinishika mkono akaniuliza, “Mwanangu, yule mume alisamehewa au hakusamehewa?” Nikamjibu, “Mama, Rehema alifariki kabla hajafika.” Akasema, “Kufariki najua amefariki. Nauliza alikuwa anakwenda na lipi moyoni.”

Sikuwa na jibu, na hapo ndipo nilipoelewa shinikizo hula wapi. Sentensi za sehemu hiyo hazikuwa na kasoro. Ukizisoma leo utaona lugha imenyooka. Kilichokosekana ni uamuzi. Muda ukiisha, mwandishi mwenye ufundi bado ana maneno, lakini huchukua mwisho kutoka ghala la watu wote: ajali, ugonjwa wa ghafla, barua iliyofichwa sandukuni, ndugu pacha asiyejulikana. Wasomaji wa hadithi za magazetini wanavijua vitu hivi kuliko wahariri.

Sitetei kuandika bila ukomo. Shindano la hadithi za Kiswahili la 1957 na 1958 lilitupatia Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, na sidhani kama kuna shindano lisilo na siku ya kufungwa. Lakini tarehe peke yake haizai kitu. Mwandishi wa Marekani George R. R. Martin alikiri hadharani, Januari 2016, kwamba alishindwa kutimiza tarehe alizokubaliana na wachapishaji wake, licha ya ulimwengu mzima kumsubiri.

Ninachopendekeza kwa wachapishaji wetu na waandaaji wa tuzo ni tarehe mbili: ya kwanza, kali kadiri wapendavyo, ya kukabidhi muswada, ya pili, miezi kadhaa baadaye, ya kuurudisha baada ya mwandishi kuusoma akiwa amekwisha kuusahau kidogo na mhariri kumuuliza maswali ya aina ya yule mama wa vitumbua. Mshindi ambaye muswada wake hukimbizwa kiwandani kuchapwa wiki chache baada ya kutangazwa ananyimwa kipindi hicho cha pili, nacho ndicho ambacho riwaya hukihitaji kuliko hadithi fupi, kwa kuwa kosa la sura ya 3 huonekana ukifika sura ya 20.

Sehemu ya 17 niliiandika upya miaka minne baada ya gazeti lile kufungwa. Ilinichukua masika mawili. Basi linapita Kitonga salama, Rehema anashuka Iringa jioni, na kwa kurasa tisa anakaa nyumbani kwa shangazi yake, mitaa miwili kutoka kwa mumewe, akimsaidia kuchambua maharage na kuahirisha kwenda. Hasamehi. Anamwendea mumewe kumwambia hivyo ana kwa ana, kisha anaomba nguo za mtoto.