Seva Zikizimwa: Maswali Yenu Kuhusu Gemu Zinazofungwa

Gemu ninayoicheza imetangazwa kufungwa baada ya miezi mitatu. Nianzie wapi?

Anzia kwenye tangazo lenyewe, kwa sababu mara nyingi lina tarehe tatu: siku ya kusitisha uuzaji wa sarafu za ndani ya gemu, siku ya kuiondoa dukani, na siku ya kuzima seva. The Crew ya Ubisoft iliondolewa madukani Desemba 2023, seva zikazimwa 31 Machi 2024. Katika miezi kama hiyo aliyekwisha kununua bado anapakua, asiyenunua ameshachelewa.

Sakinisha toleo la mwisho kabisa pamoja na nyongeza zote unazomiliki, kisha nakili folda nzima kwenye diski mbili tofauti. Usitegemee diski ya dukani, maana masahihisho yaliyokuja baada yake hayamo. Faili za maendeleo yako mara nyingi hazikai pamoja na gemu. Kwenye Windows zitafute ndani ya Documents au AppData. Andika namba ya toleo. Kwa faili kubwa, endesha amri `certutil -hashfile jina-la-faili SHA256` na utunze mfululizo wa herufi na tarakimu unaotoka. Ukiirudia mwakani ukapata mfululizo tofauti, jua kwamba faili hiyo si ileile tena, uchukue nakala ya pili.

Si niliinunua kwa pesa yangu? Wanaiondoaje?

Ulichopewa ni leseni ya kutumia, na masharti uliyoyakubali karibu kila mara yanamruhusu mchapishaji kuisitisha. Sheria ya California iliyoanza kutumika 1 Januari 2025 inamtaka muuzaji anayetumia neno "nunua" aeleze waziwazi kwamba mteja anapata leseni. Haimlazimishi kuiacha gemu hai.

Sony iliwarudishia pesa wanunuzi wa Concord, gemu iliyotoka 23 Agosti 2024 na kuzimwa 6 Septemba mwaka huohuo. Google nayo ilirudisha pesa za gemu ilipofunga Stadia, huduma yake ya kucheza gemu kupitia mtandao, Januari 2023. Usichukulie kwamba kila mchapishaji atafanya vivyo hivyo. Ukitaka kurudishiwa, anza na duka, kwa kuwa ndilo lililopokea malipo. Kwa gemu nyingi, Steam, duka la gemu za kompyuta, hukubali ombi lililotumwa ndani ya siku 14 tangu kununua ikiwa umecheza chini ya saa 2.

Wanashindwa nini kuiacha seva moja tu ikiwaka?

Swali hili tunaulizwa kuliko yote, na linastahili jibu kamili. Gemu ya siku hizi haina seva moja. Kuna huduma ya kuingia, ya kuwakutanisha wachezaji, hifadhidata ya vitu ulivyokusanya, malipo, mazungumzo, ulinzi dhidi ya udanganyifu, ndipo ije seva ya pambano lenyewe. Huduma hizi zinategemeana: ya kuingia ikizimwa, seva ya pambano inaweza kuwa nzima kabisa na bado hakuna atakayeifikia.

Nyingine si mali ya mchapishaji. Huduma ya GameSpy, iliyowakutanisha wachezaji mtandaoni, ilipozimwa 31 Mei 2014, gemu za kampuni nyingi tofauti zilipoteza uchezaji wa mtandaoni kwa mkupuo mmoja, zikiwemo ambazo watengenezaji wake hawakuwa na nia ya kuzifunga. Leseni za muziki na za magari halisi nazo huisha muda. Na seva isiyo na mtu wa kuziba mianya ya usalama ni hatari kwa data za wachezaji.

Kwa hiyo gharama ipo, hatuikatai. Tunachokikataa ni kuambiwa kwamba haikuepukika. Sehemu kubwa ya mzigo huo huamuliwa siku gemu inapobuniwa, pale watengenezaji wanapochagua kama seva ya pambano itaweza kusimama peke yake. Knockout City ilipofungwa Juni 2023, Velan Studios ilitoa toleo la kompyuta ambalo mchezaji anaweza kuendesha kwa seva yake mwenyewe. Timu ile haikuwa kubwa. Ilifikiria mwisho mapema, basi.

Wametuahidi toleo la kucheza bila mtandao. Tutabaki na nini?

Uliza mambo matatu: je, maendeleo yangu yatahama, vitu vilivyokuwa vikitolewa kwa msimu vitapatikana vipi, na je, gemu itawahi tena kuuliza seva ruhusa? Nintendo ilifunga Animal Crossing: Pocket Camp Novemba 2024 na kuleta toleo la kulipiwa mara moja, lakini data zililazimika kuhamishwa ndani ya muda maalumu. Aliyelala, alianza upya. Kwenye Gran Turismo Sport, seva zilizimwa 31 Januari 2024, na sasisho lilitangulia ili maendeleo yahifadhiwe bila mtandao. Sasisho la aina hiyo lipakue lingali dukani, halafu zima mtandao ufungue gemu mara mbili. Mara ya kwanza inaweza kufunguka kwa sababu tu ruhusa ya zamani bado imehifadhiwa.

Wachezaji hufufuaje gemu iliyokufa? Na je, ni halali?

Hutengeneza seva mpya inayojibu programu ya gemu kwa lugha ileile. Kazi hiyo inahitaji rekodi za mawasiliano zilizochukuliwa seva halisi ikiwa bado hai, kwa zana kama Wireshark, inayonasa data zinazopita kwenye mtandao. Rekodi kitendo kimoja kwa faili moja: kuingia, kununua upanga, kupiga adui mmoja, kutoka. Andika pembeni ulifanya nini na saa ngapi. Rekodi ya saa tano isiyo na maelezo haimsaidii mtu. Mawasiliano yakiwa yamesimbwa, utaona tu kwamba kitu kimepita. Usizisambaze rekodi ghafi hadharani. Zinaweza kubeba nywila au tokeni ya akaunti yako, yaani msimbo wa siri unaokutambulisha kwa seva.

Kuna kitu ambacho rekodi haziwezi kukirudisha. Hesabu ya madhara, uwezekano wa kupata kitu adimu, akili ya maadui: haya hufanyika ndani ya seva, na mchezaji hupelekewa tokeo tu. Ndiyo maana video zinazoonyesha namba za mapigano zina thamani kubwa mno kwa wafufuaji. Rekodini nyingi, hata za mambo yanayochosha.

Kuhusu sheria, tahadhari. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya Marekani iliwahukumia kushindwa waliotengeneza bnetd, mbadala wa Battle.net, huduma ya mtandaoni ya kampuni ya Blizzard. Kwa upande wa pili, City of Heroes ilifungwa na NCSoft Novemba 2012, seva za wachezaji zikajitokeza hadharani 2019, na Januari 2024 Homecoming, mojawapo ya makundi yaliyoziendesha, likapewa leseni rasmi. Miaka yote ile ya katikati waliendesha bila kinga yoyote. Kuchukua pesa kwa faida na kusambaza faili za gemu ndiyo mambo yanayowaita mawakili haraka.

Nimefungua poti kwenye ruta, lakini wenzangu hawaingii kwenye seva yangu.

Fungua ukurasa wa ruta, tazama anwani ya IP iliyopewa upande wa nje. Ikiwa iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kufungua poti hakutasaidia kitu. Tumieni mtandao wa faragha kama ZeroTier au Tailscale. Kama anwani si ya kundi hilo, hakiki TCP na UDP, njia mbili tofauti za kusafirisha data, kila moja na poti zake. Minecraft ya Java hutumia TCP 25565, na ukifungua UDP peke yake utangoja bure.

Kulalamika kunabadilisha chochote?

Ndiyo, ombi likiwa mahususi. Kampeni ya Stop Killing Games, iliyoanzishwa na Ross Scott Aprili 2024 baada ya The Crew kuzimwa, ilivuka saini milioni 1 za ombi la raia wa Ulaya Julai 2025. The Crew 2 imepata namna ya kucheza bila mtandao. Mkimwandikia mchapishaji, acheni "msituue". Ombeni ukaguzi wa kuingia uondolewe, au programu ya seva itolewe kama ilivyo, bila ahadi ya msaada.

Wiki ya jamii yetu iko kwenye tovuti ya mchapishaji. Itaenda nayo?

Huenda. Kama inatumia MediaWiki, programu ya kuendeshea wiki, ukurasa wa Special:Export utakupa maandishi katika faili ya XML, na ukichagua hivyo unaweza kukupa pia historia ya marekebisho. Picha hazimo kwenye faili hiyo. Zipakueni kando, kwa majina yaleyale, la sivyo wiki mpya itajaa viungo vyekundu.