Biopsi ya tezi dume: ganzi au usingizi?

Ndugu, umeuliza kama mzee wako lazima alazwe usingizi ndipo achukuliwe vipande vidogo vya tezi dume vya kupimwa, yaani biopsi. Si lazima. Wengi hufanyiwa wakiwa macho, kwa ganzi, lakini iwe ganzi ya kweli: sindano ya lidokeini ya asilimia 1, kama mililita 10, igawanywe pande zote mbili pale tezi inapokutana na vifuko vya shahawa, daktari akitazama kwenye altrasaundi. Kisha asubiri dakika chache. Haraka hapo ndiyo inayowaumiza watu, na jeli ya ganzi peke yake haitoshi kuzuia maumivu ya sindano.

Lakini sindano hiyo haiondoi ule mkazo wa kifaa cha altrasaundi kinapoingia njia ya haja kubwa. Hapo ni jeli ya kutosha, kulegeza misuli na kupumua polepole. Mwambieni mapema kwamba bunduki ya biopsi, yaani kifaa chenye sindano ya kuchota vipande, hulia "ta!" kila ikichota, mara 10 hadi 12 hivi, asije akashtuka akajisogeza.

Akiwa na bawasiri, mpasuko wa njia ya haja kubwa au hofu kubwa, ombeni usingizi mwepesi wa dawa ya mshipa. Huo wataka asile masaa 6, hata maji matupu yakome masaa 2 kabla. Na kama mwakaa Likoni, asivuke feri peke yake wala kupanda boda siku hiyo.

Dawa za kuzuia damu kuganda zitajwe kwa daktari siku kadhaa kabla, asiziache kwa uamuzi wake. Homa au kutetemeka baadaye, hospitali usiku huohuo.