Mwanangu, usijipime kwa nguvu za kiume

Mwanangu,

Umeuliza kama korodani ya kushoto, iliyokaa imejisokota masaa manane kabla ya kusokotolewa kwa upasuaji, itakunyima watoto. Wanaume wengi waliobaki na korodani moja nzima huzaa. Kwa hiyo kazi yako kubwa sasa ni kuilinda ya kulia.

Tafuta karatasi ya upasuaji usome kama ya kulia nayo ilishonewa ndani ya mfuko kwa uzi usioyeyuka. Korodani hujisokota kwa sababu imening'inia bila kushikizwa vizuri, na kasoro hiyo mara nyingi iko pande zote mbili. Kama haikushonwa, rudi kwa daktari wa upasuaji wiki hii hii.

Sasa ya kushoto. Damu ikikatika, chembe zinazotengeneza mbegu hufa mapema kuliko zile zinazotoa homoni. Nasema wazi kwa kuwa wewe ni mtu mzima: unaweza kuwa na hamu na nguvu zote, na mbegu zikawa chache. Kinachojibu swali lako ni kipimo cha shahawa.

Subiri miezi 3 tangu upasuaji, maana mbegu huchukua kama siku 74 kutengenezwa. Ukiugua malaria yenye homa kali, sogeza mbele tena, kwani homa hushusha idadi kwa wiki kadhaa. Jizuie kutoa shahawa siku 2 hadi 7 kabla ya kipimo. Toa kwa mkono ndani ya kikopo cha maabara, bila mate, mafuta wala kondomu ya kawaida, vitu vinavyodhuru mbegu. Sehemu ya kwanza ndiyo yenye mbegu nyingi. Ikimwagika, mwambie mhudumu. Sampuli ifike ndani ya dakika 60 ikiwa na joto la mwili, na kwa foleni za Kampala, heri uitolee hapo hapo maabara.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2021, liliweka kiwango cha chini kuwa shahawa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, na asilimia 42 ziwe zinatembea. Kuwa chini ya hapo si kuwa tasa. Rudia kipimo kabla hujaamini. Zikiwa chache sana mara zote mbili, muulize daktari wa uzazi kuhusu kugandisha mbegu mapema.

Ninachokiogopa zaidi ni sindano za testosteroni, homoni ya kiume, wanazouziana vijana wa jimu. Ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu, huacha kuziamuru korodani zifanye kazi, na mbegu zinaweza kufika sifuri. Kuzirudisha huchukua miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Mtu mwenye korodani mbili nzima asizichome. Wewe ndiyo kabisa. Unga wa “nguvu za kiume” usiojulikana una nini, uache pia.

Kisonono na klamidia, magonjwa ya zinaa, huweza kuziba mrija wa mbegu wa upande wako wa kulia ulio salama, kwa hiyo tumia kondomu mpaka wewe na mwenzio mpimwe. Sigara acha. Ukicheza mpira, vaa kinga ya korodani.

Na maumivu ya ghafla yakirudi upande wowote, hata ulioshonwa, usisubiri asubuhi wala usimeze panado ukalale. Usile, usinywe, nenda moja kwa moja kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji zamu hiyo. Ndani ya masaa sita korodani nyingi huokolewa; baada ya masaa 24, chache mno.

Mama yako anakusalimu.

Baba yako,
Arua