Ukungu kwenye mboji: ogopa vumbi

Ukifunua lundo la mboji mara ya kwanza utakuta, chini kidogo ya juu, tabaka jeupe la kijivujivu kama majivu. Usilitupe. Hao ni bakteria na kuvu wanaopenda joto, na ndio wanaoozesha mabua. Shida huanza tabaka hilo likiwa kavu nawe ukalichota: linatimka vumbi lenye chembe za ukungu, hasa wa Aspergillus fumigatus, ndogo kiasi cha kupenya mpaka ndani kabisa ya mapafu.

Kwa hiyo tangulia maji. Mwagilia kwa keni yenye vitundu saa chache kabla ya kugeuza, kisha rudia kila ukifikia tabaka kavu. Kamata konzi moja, ukamue. Matone mawili matatu yanatosha. Ikimomonyoka kiganjani, ongeza maji. Yakichuruzika, umezidisha, hewa itakosekana na lundo litanuka, basi changanya mabua makavu yaliyokatwakatwa. Mahindi yaliyoota ukungu yaloweshe yakiwa bado guniani, ndipo uyamwage.

Fanyia kazi nje, siku isiyo na upepo mkali, nao ukupige mgongoni. Vaa barakoa ya N95 au FFP2 iliyobana puani. Kanga uliyojifunga usoni haizuii chembe hizi, hata ukiikunja mara mbili.

Lundo lenyewe lisipungue mita 1 kwa upana na kimo, lipate kufika nyuzi 55 hadi 65. Likibaki vuguvugu, kwenye nyuzi 40 hivi, ukungu huo hustawi. Acha fimbo imechomekwa katikati. Ukiichomoa ikiwa ya moto na yenye unyevu, mambo ni mazuri. Ikitoka na unga mweupe, lundo limekauka.

Mwenye pumu, mwenye kinga dhaifu, au aliyeugua kifua kikuu kikamwachia makovu mapafuni asigeuze kabisa. Ukungu huweza kuota kwenye matundu yaliyoachwa na ugonjwa huo.

Dalili nyingine hupotosha. Umegeuza asubuhi, jioni unatetemeka kwa baridi, una homa, kikohozi na kifua kinabana. Wengi hukimbilia dawa ya malaria. Pima kwanza, na umwambie daktari kwamba ulishika mboji siku hiyo. Hali ikijirudia kila ukigeuza, mwachie mwingine kazi hiyo, maana kuendelea kuvuta vumbi hilo huweza kuacha makovu ya kudumu mapafuni.